Sifuri ya Asiyekuwapo

Je, hesabu isiyo na kosa yaweza kumdhulumu mtu? Wengi watajibu upesi kwamba haiwezi. Mbili na mbili ni nne kwa tajiri na kwa maskini, kwa mpendwa na kwa mchukiwa, na kwa sababu hiyo hesabu imesifiwa tangu zamani kuwa mwamuzi asiyepokea rushwa. Mimi nami niliamini hivyo kwa miaka mingi, nikawafundisha wengine waamini. Sasa imani hiyo imenitoka, na kisa kilichoiondoa ni kidogo sana: ni zoezi la wanafunzi wa mwanzo wa kompyuta, lile ambalo vitabu vya somo hilo hulitia katika kurasa zake za awali.

Zoezi lenyewe ni hili. Mwanafunzi huambiwa atengeneze safu ya alama tano, azijumlishe, agawe jumla kwa tano, na atoe wastani. Safu, kwa asiyeijua, ni mfululizo wa visanduku vilivyopangwa katika kumbukumbu ya mtambo, kila kimoja kikiwa na nambari yake. Nambari hizo huanzia sifuri, hivyo kisanduku cha tano huitwa nambari nne. Wageni huteswa sana na desturi hii, ijapokuwa Edsger Dijkstra, mwanazuoni wa Uholanzi, aliandika waraka mfupi mwaka 1982 kuitetea, na mtu akiitazama rula yake atakubali kwamba kuanzia sifuri si wazimu. Lakini sifuri ninayotaka kuizungumzia ni nyingine. Katika lugha ya Java, iliyotolewa mwaka 1995 na kutumiwa na vyuo vingi kufundishia, ukiomba safu mpya ya namba, mtambo hukupa visanduku vyote vikiwa vimekwisha kutiwa sifuri. Jambo hili ni ukarimu. Katika lugha ya C, ambayo ni kongwe kuliko hiyo, kisanduku ambacho hujakitia kitu chaweza kuwa na takataka zilizoachwa na kazi iliyotangulia, na mwenye kujumlisha takataka hupata takataka. Wastadi wa Java walitaka kumwepusha mwanafunzi na aibu hiyo, kwa hiyo waliufagia uwanja kabla ya mgeni kufika.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya sekondari. Nilijifunza kuandika programu nikiwa mtu mzima, tena kwa taabu, na kama ilivyo desturi ya mtu aliyepata panga jipya, nilitafuta kichaka cha kufyeka. Mkuu wa shule akanipa. Majaribio matano ya mwaka yalikuwa yakijumlishwa kwa kalamu na walimu waliochoka. Makosa yalikuwa mengi, na matokeo hayo ndiyo yaliyoamua nani aingie mchepuo wa sayansi katika kidato cha tatu na nani asiingie. Niliandika programu kwa siku mbili. Kila mwanafunzi alipewa safu yake ya visanduku vitano. Karani aliingiza alama. Mtambo ulijumlisha, ukagawa kwa tano, ukapanga majina kutoka juu hadi chini. Kiwango cha kuingia sayansi kilikuwa wastani wa 45. Kazi iliyokuwa ikichukua wiki nzima ilikwisha kabla ya chai ya saa nne, nami nilipongezwa mbele ya wenzangu.

Wiki moja baadaye alikuja mama mmoja ofisini. Hakuja kwa ugomvi. Alikuwa na karatasi ya matokeo ya mwanawe, ameikunja mara nne na kuifunga katika pindo la khanga. Baada ya maamkizi aliniuliza, "Mwalimu, mwanangu amefanya majaribio mangapi?"

Nikamjibu, "Matano, mama, kama wenzake."

"Hakufanya matano. Alifanya matatu. Mawili yalimkuta amelazwa hospitali, na barua ya daktari niliileta mwenyewe kwa mikono yangu."

Alama zilikuwa 72, 0, 68, 0 na 70. Jumla yake ni 210. Ukiigawa kwa tano unapata 42. Niliitandaza karatasi mezani, nikamwonyesha jinsi jumla ilivyopatikana na jinsi ilivyogawanywa, nikamhakikishia kwamba mtambo haukukosea hata tarakimu moja. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha aliweka kidole juu ya sifuri ya kwanza, akasema, "Na hii, nani ameiandika?"

Nilimwita karani. Karani hakuiandika, alipokuta hakuna alama aliruka, akaenda kwa mwanafunzi aliyefuata. Mwalimu wa somo hakuiandika. Katika daftari lake alikuwa amepiga kistari kifupi, na barua ya daktari ilikuwa imebanwa pembeni kwa pini. Programu yangu haikuwa na mstari hata mmoja uliosema kwamba kijana huyu apewe sifuri. Nilitafuta mwandishi wa tarakimu ile katika shule nzima, nisimpate. Ilikuwamo kisandukuni kabla ya mwaka wa masomo kuanza, ikimngoja yeyote ambaye angekosa kufika, na ilipohesabiwa ilifanana kabisa na sifuri ya mtu aliyekaa saa mbili mbele ya karatasi asijue la kuandika. Kijana alihamishiwa mchepuo wa sayansi baada ya muhula mmoja, nafasi ilipopatikana. Muhula ule hakurudishiwa na mtu yeyote.

Hapa msomaji aweza kusema kwamba jambo hili ni uzembe wa mwalimu mmoja, na kwamba falsafa haina kazi katika uzembe. Ningekubali kama si mjadala uliofuata katika chumba cha walimu, maana mjadala ule ulinionyesha kwamba hata nilipokwisha kuliona kosa sikujua lilikuwa kosa la namna gani.

Mwenzangu mmoja, mwalimu wa historia na mtu wa akili kali, alisimama upande wa sifuri. Alisema, "Wewe wataka kugawa kwa matatu kwa sababu unamhurumia huyu. Haya, mgawie. Lakini darasani mwetu walikuwamo wawili waliokuja kufanya jaribio lile lile wakiwa na homa mwilini, wakapata 30 na 35, na alama hizo zimewashusha. Aliyelala kitandani unamfutia. Aliyejikongoja akaja unamhesabia. Mwakani nani atajikongoja?" Akaendelea kusema kwamba yupo na mjanja ambaye hujua mapema jaribio gani ni gumu, naye siku hiyo tumbo humuuma. Mjanja huyo akihesabiwa yale aliyoyafanya tu, atawapita waliofanya yote. Kwa mwenzangu, majaribio matano yalikuwa kazi tano alizopewa mtu azifanye, na kazi isiyofanywa haina malipo, iwe sababu yake ni ugonjwa au uvivu. Mkulima ambaye hakupanda kwa sababu ya homa havuni zaidi ya yule ambaye hakupanda kwa sababu ya usingizi.

Sikuweza kumjibu siku ile, na sehemu ya hoja yake siwezi kuijibu hata leo. Lakini niliporudi nyumbani niliona kwamba tulikuwa tukilitumia neno moja kwa mambo mawili. Kwake yeye wastani ulikuwa hesabu ya deni: kazi tano zimetakiwa, tatu zimelipwa. Kwangu mimi ulikuwa kipimo: tumetaka kujua kijana huyu anajua kiasi gani, tukamtazama mara tatu, na mara zote tatu tukaona sabini au karibu na sabini. Mtu akipima urefu wa ukuta mara tatu, na mara mbili nyingine akakosa kamba ya kupimia, hatasema kwamba mara hizo mbili ukuta haukuwa na urefu. Zoezi la kompyuta halimwulizi mwanafunzi kama anapima au anadai. Humwambia ajumlishe na agawe, na idadi ya kugawia huchukuliwa kutoka urefu wa safu, kana kwamba urefu wa safu ndio uliokwisha kuamua swali hilo.

Wastani uliingia katika elimu ya watu kwa mlango wa kipimo, na mlango wenyewe ulikuwa mbinguni. Wanajimu walioitazama nyota moja mara nyingi walipata vipimo vilivyotofautiana kidogo, kwa sababu ya kutikisika kwa chombo au kuchoka kwa jicho, wakaona kwamba wastani wa vipimo hivyo hukaribia mahali pa kweli pa nyota. Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, aliyekuwa mnajimu, aliichukua njia hii akaiweka juu ya wanadamu, na katika kitabu chake cha mwaka 1835 alimweleza mtu wa wastani kana kwamba ndiye kielelezo, na sisi wengine ni kupotoka kwake. Hatua hiyo ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana. Nyota ni moja, na vipimo vingi ni vya hiyo moja. Watu ni wengi, na nyuma yao hayupo mmoja ambaye wote wamekosea kumfikia. Mwaka 1950 jeshi la anga la Marekani liliwapima marubani wake kwa nia ya kurekebisha vyumba vyao vya kurushia ndege, na luteni mmoja, Gilbert Daniels, alichukua vipimo kumi vya miili ya marubani 4,063 akatafuta ni wangapi waliokuwa karibu na wastani katika vipimo vyote kumi. Hakumpata hata mmoja. Viti vilianza kufanywa vya kusogezwa.

Kuna asili nyingine ya wastani inayonipendeza zaidi, nayo ni ya baharini. Neno ambalo Waingereza hulitumia kwa wastani hurudishwa na wanazuoni wengi wa asili ya maneno kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya dosari au uharibifu wa mali, likapita kwa wafanyabiashara wa Italia, likawa jina la hasara ya chomboni. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kwamba jahazi likizidiwa na dhoruba shehena hutoswa. Sheria ya kale ya bahari, ambayo Warumi waliinasibisha na watu wa Rhodes, iliamuru kwamba ikiwa marobota ya mtu mmoja yametoswa ili jahazi lipone, hasara isiwe yake peke yake. Wote ambao mali yao imefika salama wachangie, kila mtu kwa kadiri ya mali yake. Sheria hiyo ingali hai katika biashara ya meli. Basi kugawanya kulikuwa tendo la kumpunguzia mzigo yule aliyefikwa na msiba. Katika programu yangu kugawanya kulifanya kinyume chake: siku mbili za ugonjwa zilichukuliwa zikatandazwa juu ya siku tatu za uzima za kijana yule yule, mpaka nazo zikaonekana mbovu.

Nitaje kwa kupita tu dosari nyingine ya zoezi hili, maana huwadhuru wengi kimyakimya. Katika Java namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, kinachobaki hutupwa. Mwanafunzi mwenye jumla ya 224 ana wastani wa 44.8, ambao mwalimu mwenye kalamu angeuandika 45. Mtambo humpa 44 na kumfungia mlango. Dosari hii hutibiwa kwa kubadili neno moja katika programu. Ile ya sifuri haitibiki kwa neno moja, na niliporudi kuitafutia dawa nilijikuta nikipanda kutoka somo la kwanza la kitabu hadi somo la mwisho.

Dawa ya kwanza niliyoijaribu ni kuacha kisanduku kiwe kitupu kweli. Lugha hizi zina alama ya utupu, iliyobuniwa na Tony Hoare wa Uingereza mwaka 1965 alipokuwa akisanifu lugha iitwayo ALGOL W. Mwaka 2009 mwenyewe aliijutia hadharani, akaiita kosa lake la dola bilioni moja, kwa sababu programu zisizo na idadi zimeanguka zilipogusa utupu zikidhani ni kitu. Programu yangu nayo ilianguka. Ilipofika kwenye kisanduku kitupu cha kijana yule ilisimama, ikaandika ujumbe wa kosa, ikakataa kuendelea. Siku hiyo niliona tofauti na mzee Hoare, kwa heshima zote ninazompa. Programu iliyosimama ilinilazimisha niinuke kitini niende kuuliza kijana huyu alikuwa wapi. Ile ya kwanza ilipita bila kukwama, na katika kupita huko ndimo dhuluma ilimokuwa.

Lakini shule haiwezi kuwa na mtambo unaosimama kila jina la kumi. Dawa ya pili ilikuwa kukiri kwamba kisandukuni mwaweza kukaa mambo ya aina mbalimbali. Nilitengeneza aina moja ya jumla niliyoiita Tokeo, na chini yake aina tatu zinazoirithi: Alama, Udhuru na Utoro. Safu sasa ikawa safu ya matokeo. Programu ilipopita kisanduku hadi kisanduku iliuliza kila kitu ilichokikuta, "Je, wewe ni wa aina ya Alama?" Kikijibu ndiyo, iliongeza thamani yake kwenye jumla na kuongeza moja kwenye idadi ya kugawia. Kikiwa Udhuru, ilikipita bila kugusa jumla wala idadi. Kikiwa Utoro, iliongeza moja kwenye idadi bila kuongeza kitu kwenye jumla, na hapo mjanja wa mwenzangu alipata sifuri yake. Ila sifuri hiyo haikuweza kuingia mpaka mwalimu mwenye jina aandike kwamba huu ni utoro. Wastani wa kijana yule ulitoka 70. Yule aliyejikongoja na homa programu yangu haikumsaidia kitu, wala haimsaidii leo.

Ustadi huu wa kuviuliza vitu aina zao ulizaliwa Oslo, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipotoa lugha ya Simula 67, waliyoikusudia kuigiza mambo ya dunia ndani ya mtambo. Kwao tayari yalikuwamo maswali mawili tofauti. La kwanza: je, kitu hiki ni cha aina hii hasa? La pili: je, ni cha aina hii au cha ukoo wake? Anayeanza huyachanganya, naye hulipa. Utupu una tabia yake pia. Ukiuuliza katika Java kama ni wa aina fulani, hujibu sivyo, na utajibu sivyo kwa kila aina utakayoitaja, hauna ukoo.

Nilipoonyesha kazi hiyo kwa mtu aliyeifanya kwa riziki yake, aliisifu kidogo kisha akaniuliza, "Mwakani wakiongeza aina ya nne itakuwaje?" Alikuwa na haki. Shule iliongeza Rufani, kwa jaribio ambalo usahihishaji wake unabishaniwa, na mzunguko wangu, uliozijua aina tatu tu, uliipita Rufani kama kitu kisichokuwapo. Mafundi humwonya mwanafunzi asisimame mlangoni na orodha ya aina akiuliza kila anayeingia, bali akipe kila kitu uwezo wa kujieleza: Alama ijue kwamba yahesabiwa na kwa kiasi gani, Udhuru ujue kwamba hauhesabiwi, Rufani ijue kwamba wastani usitolewe mpaka iamuliwe. Mzunguko utauliza swali moja tu, nacho kitu kitajibu kwa niaba yake.

Onyo hilo hutolewa kama kanuni ya ufundi. Mimi sikuweza kulisikia bila kufikiri juu ya wanadamu, kwa sababu watu walikwisha kupangwa hivyo na sheria. Afrika Kusini ilitunga mwaka 1950 sheria ya kuandikisha watu, ambayo haikufutwa mpaka 1991, na kwayo kila mtu aliandikwa aina yake, na aina ndiyo iliyoamua akae wapi, asome wapi, amwoe nani. Kipimo cha sheria hiyo kilikuwa sura ya mtu na jinsi majirani wanavyomkubali. Mwaka 1966 mtoto wa kike wa wazazi walioandikwa kuwa wazungu alifukuzwa shule kwa rangi ya ngozi yake na unywele wake, akaandikwa upya kuwa chotara. Mwaka uliofuata sheria ilibadilishwa ili nasaba ihesabiwe kuliko sura, naye akarudishwa kuwa mzungu. Mtoto alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni swali, ambalo kwanza liliuliza anafanana na nani kisha likauliza amerithi kwa nani, na katika maswali yote mawili hakupewa nafasi ya kujibu yeye.

Mtu atanikemea kwamba nami nimeandika Alama, Udhuru na Utoro, na kwamba mwenye nyumba ya vioo asirushe mawe. Nimelifikiri shutuma hilo kwa muda mrefu. Jibu nililo nalo limo katika maneno mawili madogo ya lugha yetu, "ni" na "ana", ambayo walimu wa programu huyatumia bila kujua wanagusa nini. Husema kwamba gari ni chombo, kwa hiyo lirithi kutoka chombo. Lakini gari lina injini, kwa hiyo injini iwekwe ndani yake, wala gari lisirithi kutoka injini. Kijana wa hospitali ana udhuru. Yeye si udhuru. Aina zangu zilikuwa aina za matokeo, na katika programu yote mwanafunzi hakuwa na aina. Siku atakapopona, udhuru hutolewa kisandukuni na alama hutiwa, naye hahitaji kwenda kwa mtu yeyote kuomba aandikwe upya. Hata hivyo nakiri kwamba ukuta kati ya "ana" na "ni" ni mwembamba. Katika vyumba vya walimu nimesikia mara nyingi, "Yule ni sifuri," na msemaji hakuwa mtu mbaya.

Sarufi yetu yenyewe imeishi na shida hii kwa muda mrefu. Kipofu, kiziwi na kiwete ni majina yaliyovikwa kiambishi cha vitu, kile cha kiti na kisu. Atazamaye umbo angetarajia kusikia "kipofu kimefika". Lakini hakuna mjuzi wa lugha asemaye hivyo. Husema "kipofu amefika", na "vipofu wamefika". Jina limevaa nguo ya kitu, kitenzi kinakataa kudanganywa na nguo, kikapatana na uhai uliomo ndani. Wanasarufi wamebishana kama ngeli zipangwe kwa maumbo ya majina au kwa upatanisho, na ubishi wao ni ndugu wa yale maswali mawili ya Simula. Siku hizi wengi hawaridhiki hata na nguo, nao husema "asiyeona". Wala lugha haimzuii mwenye nia mbaya. Akitaka kudharau atasema "kijitu kile kimekuja", na safari hii kitenzi kitamtii. Upatanisho wa ubinadamu umewekwa tayari, ila mtu aweza kuuvunja kwa kusudi, naye akifanya hivyo kila asikiaye anajua ni nani aliyeuvunja. Sifuri ya programu yangu haikuwa na msemaji wa namna hiyo wa kuulizwa.

Sasa nafundisha zoezi hili chuoni, na hulitoa kwa wanafunzi wa mwanzo pamoja na orodha ya alama zenye nafasi mbili tupu, bila kuwaambia lolote juu ya nafasi hizo. Wengi hugawa kwa tano. Wachache hugawa kwa tatu, nami huwauliza kwa idhini ya nani. Mwaka jana binti mmoja aliniletea programu ambayo, ilipokuta nafasi tupu, haikutoa wastani kabisa; ilichapa jina la mwanafunzi, idadi ya majaribio aliyoyafanya, na maneno "mwalimu amwone". Mtambo wa chuo unaosahihisha mazoezi haya ulitegemea kupata namba, ukapata sentensi, ukampa sifuri.

Alikuja ofisini kuuliza nani ameiandika. Nilimwambia kwamba katika orodha ya majibu niliyoulisha mtambo ule nilikuwa nimeandika namba mimi mwenyewe, kwa haraka, usiku wa kuamkia muhula, nikisema moyoni kwamba nitayasoma majibu mengine kwa macho yangu. Yalikuwa mia mbili na kumi, na sikuyasoma.